WAFANYAKAZI WA KITURUKI NCHINI DENMARK: HISTORIA NA MAFUNZO YAKE

Utangulizi

Makada wengi wanapozungumza juu ya nchi za Ulaya ya Kaskazini huzungumza kwa kusifu. Kwetu sisi jina la Denmark limeambatana na Kibaha, ambako katika miaka ya 1960 nchi hiyo pamoja na jirani zake wa Skandinavia zilisaidia kujenga shule, kituo cha afya na chuo cha mafunzo ya wakulima. Sifa hizo si za bure. Denmark ni nchi ambayo wafanyakazi wake walijipanga mapema, wakaunda vyama vyenye nguvu, na kwa nguvu hiyo wakawabana wenye mali wakubali kodi kubwa, matibabu ya umma, elimu ya umma na malipo kwa asiye na kazi.

Lakini nchi haipimwi kwa jinsi inavyowatendea wenyeji wake na wageni wake waheshimiwa peke yao. Hupimwa pia kwa jinsi inavyomtendea mfanyakazi aliyekuja kutoka mbali kufanya kazi ambazo mwenyeji amezikimbia. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunachambua historia ya Waturuki wanaoishi kati ya Wadenmark. Jumuiya hii ina watu zaidi ya 60,000, na karibu nusu yao wamezaliwa Denmark. Babu zao walipokelewa kwa sababu ya mikono yao. Iweje basi wajukuu zao, ambao wamesoma katika shule za Denmark na wanalipa kodi Denmark, bado wanahesabiwa katika vitabu vya takwimu kama watu wa pembeni? Na chama cha wafanyakazi cha nchi hiyo kilifanya nini juu ya jambo hilo?

Kuna majibu mepesi mawili. La kwanza husema kwamba shida ni dini na mila: Mturuki na Mdenmark hawapatani kwa maumbile yao. La pili husema kwamba Mzungu ni mbaguzi tu, na habari imekwisha. Majibu yote mawili yanaanzia mwisho wa habari. Mtu anayetaka kuelewa hana budi kuanza na kazi: nani aliihitaji, nani aliifanya, kwa masharti gani, na nini kilitokea siku kazi ilipopungua.

Denmark kabla ya Waturuki

Husemwa mara kwa mara kwamba Denmark ilikuwa nchi ya watu wa asili moja mpaka wageni walipofika katika miaka ya 1960. Historia haikubaliani na maneno hayo. Kwa muda mrefu utajiri wa Denmark ulichanganyika na jasho la watu wengine. Wafalme wake walikuwa na ngome ya Christiansborg huko Accra, ambayo waliwauzia Waingereza mwaka 1850, na walikuwa na visiwa vitatu vya mashamba ya miwa katika bahari ya Karibi. Humo Waafrika walifanyishwa kazi ya utumwa mpaka mwaka 1848, walipoinuka wenyewe katika kisiwa cha St. Croix na kumlazimisha gavana atangaze uhuru wao. Mwaka 1917 visiwa hivyo viliuzwa kwa Marekani.

Katika Denmark yenyewe, kuanzia mwaka 1893, wenye mashamba ya viazisukari katika visiwa vya Lolland na Falster walianza kuwaajiri vibarua kutoka Poland, wengi wao wasichana. Walikuja majira ya kazi na kurudishwa kwao kazi ilipokwisha. Walilazwa katika makambi, na moja lililoko Tågerup limehifadhiwa mpaka leo kama makumbusho. Malalamiko juu ya hali zao yalikuwa mengi hata Bunge likapitisha sheria mwaka 1908 ya kuwalinda vibarua hao. Watu hawa walikuwa Wakatoliki katika nchi ya Waluteri, na lugha yao ilikuwa ngeni. Hata hivyo, wale waliobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliolewa, wakapata vishamba, na leo wajukuu wao ni Wadenmark wenye majina ya Kipoland. Hakuna anayewauliza wametoka wapi.

Tena, tusisahau kwamba Wadenmark wenyewe walikuwa wahamiaji. Kati ya miaka ya katikati ya karne ya 19 na Vita Kuu ya Kwanza, Wadenmark kiasi cha 300,000 walivuka bahari kwenda Amerika, wengi wao wakiwa maskini wa vijijini wasio na ardhi. Kwa hiyo habari ya kijana anayeacha kijiji kwa kukosa ardhi si habari ya Kituruki. Ni habari ya kila nchi ambayo kilimo cha kibepari kimeingia kabla ya viwanda kuwa tayari kuwapokea watu wanaotolewa mashambani.

Trekta na mkulima wa Anatolia

Sasa twende Uturuki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uturuki ilipokea misaada ya Marekani chini ya Mpango wa Marshall, na sehemu kubwa ya msaada ilikuja kwa sura ya zana za kilimo. Mwaka 1948 Uturuki ilikuwa na matrekta yasiyofika 2,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 yalikuwa kiasi cha 40,000. Trekta ni chombo kizuri. Lakini chombo hakina tabaka. Mwenye chombo ndiye mwenye tabaka. Katika uwanda wa Anatolia ya kati, trekta liliingia mikononi mwa mwenye ardhi kubwa. Naye alipolipata, hakumhitaji tena mkulima aliyekuwa akilima kwa kugawana naye mavuno. Familia nyingi zikafungasha virago. Pembezoni mwa miji ya Istanbul na Ankara vikazuka vitongoji vya vibanda vilivyojengwa usiku mmoja ili mapambazuko yawakute watu wamekwisha kuezeka.

Serikali ya Uturuki ililiona tatizo hilo, na ikachagua njia iliyokuwa rahisi kwake. Tarehe 30 Oktoba, 1961, ilitia sahihi mapatano na Ujerumani Magharibi ya kupeleka wafanyakazi. Mpango wake wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1963, ulihesabu waziwazi usafirishaji wa nguvukazi kama dawa ya ukosefu wa kazi na kama chimbuko la fedha za kigeni. Tunaomba msomaji atazame jambo hili kwa makini. Nchi inayopanga kuuza watu wake nje kama inavyopanga kuuza pamba imekwisha kukiri kwamba imeshindwa kubadili hali ya umilikaji wa ardhi nyumbani. Badala ya kugawa ardhi, iligawa pasipoti.

Wengi waliofika Denmark walitoka vijiji vya Anatolia ya kati, hasa mkoa wa Konya, katika wilaya kama Cihanbeyli na Kulu. Miongoni mwao walikuwamo Wakurdi wengi, ambao huko kwao hawakuruhusiwa hata kuitwa kwa jina lao. Hapa tunapata fundisho la kwanza: yule anayeitwa "Mturuki" na Mdenmark mtaani si mtu wa namna moja. Yuko Mturuki, yuko Mkurdi. Yuko Msuni, yuko Mwalevi. Yuko mwenye siasa za kushoto na mwenye siasa za kulia. Kilichowaweka pamoja mbele ya macho ya mwajiri ni kwamba wote walikuwa na nguvu za kuuza na hawakuwa na ardhi ya kuwatosha.

Njia waliyoifuata ilikuwa ya ukoo na kijiji. Mmoja akitangulia na kupata kazi, aliandika barua. Ndugu yake akafuata, kisha binamu, kisha jirani. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kukuta katika mji mmoja wa Denmark familia nyingi zinazotoka kijiji kimoja cha Konya.

Kwa nini Denmark iliwahitaji

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 Denmark, iliyokuwa ikijulikana kwa siagi na nyama ya nguruwe, ilikuwa ikigeuka kuwa nchi ya viwanda. Kazi zilikuwa tele; katika kipindi kirefu cha miaka ya 1960 wasiokuwa na kazi walikuwa wachache sana. Wanawake wa Denmark waliingia kazini kwa maelfu, lakini bado mikono haikutosha. Mfanyakazi mwenyeji, akiwa na nafasi ya kuchagua, alikimbia kazi chafu, nzito na za usiku. Nafasi zilizobaki zilikuwa katika viwanda vya kuyeyusha chuma, katika viwanja vya kuunda meli, machinjioni, katika mahoteli na katika kazi za usafi. Nafasi hizo zilijazwa na watu kutoka Uturuki, Yugoslavia, Pakistan na Moroko, waliofika kwa wingi kuanzia mwaka 1967 hivi. Wengi waliingia kama watalii, wakatafuta kazi wenyewe, kisha wakaomba kibali.

Waliitwa kwa Kidenmark kwa neno lenye maana ya "mfanyakazi mgeni". Neno hilo lilibeba siasa nzima. Mgeni huja na huondoka. Hakuna aliyefikiria kumfundisha lugha, kwa sababu mashine haikuhitaji azungumze. Hakuna aliyefikiria nyumba ya familia yake, kwa sababu familia ilikuwa Konya. Wengi walilala wanaume kadhaa katika chumba kimoja, na palipokuwa na zamu za usiku na mchana kitanda hakikupoa.

Hapa pana faida ambayo haiandikwi katika hesabu za mabepari. Mfanyakazi mwenye umri wa miaka 25 si tunda la msituni. Kuna aliyemzaa, aliyemlisha, aliyemuuguza na aliyemfundisha kwa miaka yote hiyo. Gharama hiyo ililipwa na mama wa kijijini Anatolia na nchi maskini ya Uturuki. Denmark ilimpokea akiwa tayari kazini, bila kumgharamia hata siku moja ya utoto wake. Msaada wa maendeleo unaotoka nchi tajiri kwenda nchi maskini hupigiwa tarumbeta. Msaada huu wa nchi maskini kwa nchi tajiri haukupigiwa hata filimbi.

Vyama vya wafanyakazi: haki nusu

Sasa tufike kwenye kiini. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Denmark, lililoundwa mwaka 1898, lilikuwa na nguvu kubwa kuliko mashirikisho mengi duniani. Lilipoona wageni wanaingia, lilishika msimamo mmoja ulio sahihi: mgeni alipwe kwa mkataba uleule wa hali bora ya kazi unaomlinda mwenyeji. Msimamo huo ulimzuia mwajiri kuwatumia Waturuki kama nyundo ya kuvunjia mishahara. Tunapaswa kuusifu, kwa kuwa katika nchi nyingi haukuwapo.

Lakini tukiuchunguza, tunaona kwamba shabaha yake ya kwanza ilikuwa kumlinda mwenyeji dhidi ya mgeni, na si kuwaunganisha wote wawili dhidi ya mwajiri. Mturuki alilipa ada ya chama, lakini mikutano ilikuwa kwa lugha asiyoielewa, na uongozi haukuwa na uso kama wake. Wakati huohuo shirikisho lilikuwa miongoni mwa waliotaka mlango ufungwe. Mwezi Novemba 1970 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya kwa muda. Mlango ulifunguliwa tena kidogo, kisha tarehe 29 Novemba, 1973, ukafungwa kabisa.

Mwaka 1973 na matokeo yasiyotarajiwa

Mwezi Oktoba mwaka huo vita vya Mashariki ya Kati vilileta msukosuko wa mafuta. Ujerumani Magharibi ilifunga mlango wake tarehe 23 Novemba, na Denmark ikafuata siku sita baadaye. Waziri Mkuu wa Denmark wakati huo alikuwa Anker Jørgensen, mtu aliyetoka katika kazi ya ghala na uongozi wa chama cha wafanyakazi, si tajiri wala kabaila. Siku tano baada ya kufunga mlango, katika uchaguzi wa tarehe 4 Desemba, chama kipya cha mwanasheria Mogens Glistrup kilipata viti 28 bungeni na kuwa cha pili kwa ukubwa. Glistrup alianza kwa kupiga vita kodi. Baadaye, kodi zilipoacha kumletea kura za kutosha, aligeukia kuwapiga vita Waislamu. Msomaji azingatie mfuatano huo: adui wa kwanza wa siasa hii alikuwa kodi ya tajiri, Mturuki aliletwa baadaye.

Kufunga mlango kulizaa kinyume cha kilichokusudiwa. Kabla ya hapo mfanyakazi aliweza kurudi kwao, akapumzika, na kuja tena kazi ikimwita. Baada ya Novemba 1973 alijua kwamba akitoka harudi. Basi akabaki. Na mtu anayebaki hawezi kuishi daima bila mke na watoto wake. Wake na watoto wakaja, na sheria ya wageni ya mwaka 1983 ikaithibitisha haki ya familia kuungana. Ndiyo sababu idadi ya Waturuki iliongezeka mara kadhaa baada ya mlango kufungwa. Serikali ilitaka kuondoa wafanyakazi wa muda. Kwa mkono wake yenyewe ikaunda jumuiya ya kudumu.

Jumuiya hiyo ilizaliwa wakati mbaya. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 ukosefu wa kazi ulikuwa umefika kiasi cha asilimia 10. Viwanda vilivyowaajiri Waturuki ndivyo vilivyopunguzwa au kufungwa kwanza, na aliyeajiriwa mwisho ndiye aliyeachishwa mapema. Mtu aliyetumia miaka 15 kwenye tanuri la chuma, bila kufundishwa lugha wala ufundi mwingine, alijikuta nje akiwa na mgongo unaouma. Kisha akaambiwa kwamba anaishi kwa jasho la Wadenmark. Wengine walifungua duka la mboga, mgahawa au kioski, au wakaendesha teksi. Wapo wanaoliita jambo hili ari ya biashara. Sisi tunaona humo familia nzima ikifanya kazi saa nyingi zaidi ya zile ambazo mkataba wowote ungeruhusu, kwa sababu lango la kiwanda limefungwa.

Suala la nyumba

Wapinzani wa Waturuki husema kwamba wageni hawa wamejitenga wenyewe. Hutaja Ishøj na Taastrup karibu na Copenhagen, Gellerup huko Aarhus, na Vollsmose huko Odense. Hebu tuulize mitaa hiyo ilijengwaje. Mitaa hiyo mikubwa ya zege ilijengwa na vyama vya nyumba visivyotafuta faida, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, kwa ajili ya wafanyakazi wa Denmark waliokuwa wakitoka katika nyumba kuukuu za mijini. Lakini katika miaka hiyohiyo sheria za kodi zilimruhusu anayekopa kununua nyumba apunguziwe kodi kwa riba anayolipa. Mfanyakazi mwenyeji mwenye mshahara mzuri akaona afadhali anunue nyumba yake yenye bustani. Alipohama, vyumba vilibaki vitupu, na vikapangishwa kwa wale wasioweza kukopa: wajane, wagonjwa, wasio na kazi, na familia za wageni.

Kwa hiyo Mturuki hakujitenga. Aliwekwa pale ambapo soko na sheria ya kodi viliacha nafasi.

Ni kweli kwamba walipokutana huko walijenga vyao: misikiti, vyama vya michezo, vilabu vya chai. Ni kweli pia kwamba dola ya Uturuki ilinyoosha mkono wake humo, kwa kutuma maimamu kupitia idara yake ya dini, ili raia wake wa mbali wasiponyoke. Baada ya jeshi kutwaa serikali mjini Ankara tarehe 12 Septemba, 1980, walifika pia wakimbizi wa kisiasa, Waturuki na Wakurdi, na mabishano ya nyumbani yakahamia ughaibuni. Mchambuzi wa kweli hayafichi mambo haya. Ndani ya jumuiya yenyewe mna mapambano: ya kijana na mzee wa ukoo, ya binti anayetaka kusoma na baba anayetaka kumwoza, ya Mkurdi anayedai jina lake. Wasichana waliozaliwa Denmark, kwa ujumla, wamewapita kaka zao katika elimu, na hilo peke yake linatosha kumjibu anayesema kwamba mila haibadiliki.

Pale Denmark ilipofungua mlango wa siasa, Waturuki waliingia. Mwaka 1981 wageni wote waliokaa miaka 3 walipewa haki ya kupiga kura na kugombea katika chaguzi za manispaa, hatua ya kimaendeleo ambayo nchi nyingi za Ulaya hazijaifikia. Mwaka 2007 watu watatu wenye asili ya Uturuki walichaguliwa kuingia Bungeni: Hüseyin Araç, Yıldız Akdoğan, na Özlem Cekic, ambaye alikuwa muuguzi. Haki ilipotolewa, ilitumika.

Siasa ya kugawanya

Tangu miaka ya 1990 upepo umevuma upande mwingine. Mwaka 1995 Pia Kjærsgaard na wenzake walijitenga na chama cha Glistrup wakaunda Dansk Folkeparti. Chama hiki kilikuwa na akili kuliko kilichotangulia. Hakikupinga tena kodi na huduma za jamii. Kilisema huduma hizo ni nzuri, ila ni za Wadenmark. Kwa maneno hayo kiliwavuta wazee na wafanyakazi waliokuwa nguzo ya Chama cha Sosialdemokrati. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2001, serikali ya Anders Fogh Rasmussen ilitegemea kura zake, na mwaka 2002 sheria ya familia ilibadilishwa. Mtu hakuruhusiwa kumleta mwenzi wake kutoka nchi ya nje ya Ulaya mpaka wote wawili wawe na miaka 24, na ilibidi waonyeshe kwamba uhusiano wao na Denmark ni mkubwa kuliko uhusiano wao na nchi nyingine. Vijana wengi raia wa Denmark walihamia Malmö, Sweden, na kuvuka daraja la Øresund kila siku kwenda kazini, ili wapate kuishi na wake au waume zao.

Watetezi wa sheria hiyo walisema wanawaokoa wasichana wasiozwe kwa nguvu. Hatuwezi kulipuuza jambo hilo. Kumwoza binti kwa nguvu ni uonevu, na hauna utetezi katika mila yoyote. Lakini sheria inayotaka kumwokoa binti humpa yeye nguvu: elimu, kazi, nyumba na ulinzi. Sheria hii ilimwadhibu aliyelazimishwa pamoja na aliyependa. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la mfanyakazi Mturuki aliyetaka kuishi na mwanawe, kwamba sharti la uhusiano halikupatana na mapatano yaliyofanywa kati ya Uturuki na Jumuiya ya Ulaya, ambayo msingi wake ni mkataba wa Ankara wa mwaka 1963. Haki ya mtoto kuwa na baba yake ilipatikana kwa kupitia mkataba wa biashara na kazi. Jambo hili lapaswa kutufikirisha.

Kisha ikaja sheria ya mitaa. Kuanzia mwaka 2010 serikali ilichapisha kila mwaka orodha ya mitaa iliyoiita "ghetto". Mwaka 2018 Bunge, kwa kura za Sosialdemokrati pia, lilipitisha sheria kwamba mitaa iliyokaa katika orodha kwa miaka kadhaa mfululizo lazima ipunguze nyumba za familia za kupangisha zibaki si zaidi ya asilimia 40 ifikapo mwaka 2030, kwa kuuza, kubadili matumizi au kubomoa. Vipimo vilikuwa vya kazi, elimu, kipato na uhalifu. Lakini kipimo kilichoamua kilikuwa hiki: kama zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya nchi "zisizo za Magharibi", Uturuki ikiwa mojawapo. Maana yake ni kwamba mitaa miwili inaweza kulingana kabisa kwa umaskini, mmoja ukaachwa na wa pili ukabomolewa, kwa sababu ya asili ya wakazi wake. Mwaka 2021 neno "ghetto" liliondolewa katika sheria na pakawekwa "jamii sambamba". Neno lilibadilika, tingatinga halikubadilika.

Mwaka 2019 Sosialdemokrati walirudi madarakani chini ya Mette Frederiksen wakiwa wamechukua sehemu kubwa ya siasa hiyo. Mwezi Juni 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuwezesha waomba hifadhi wapelekwe nchi ya nje ya Ulaya, na mazungumzo yalifanywa na Rwanda, jirani yetu, kabla ya kusimamishwa mwaka 2023. Hivyo safari iliyoanza na mlango wa kiwanda mwaka 1973 ilifika mpaka Maziwa Makuu.

Wako wanaosema kwamba chama hicho kilifanya busara: kiliwanyang'anya wabaguzi ajenda yao na kuokoa huduma za wafanyakazi. Hoja hii ina nguvu na haistahili kubezwa. Ni kweli kwamba chama kisichosikiliza hofu ya watu wake huachwa na watu wake. Lakini kusikiliza hofu ni jambo moja, na kukubali maelezo ya uongo juu ya chanzo cha hofu hiyo ni jambo jingine. Aliyefunga viwanja vya kuunda meli si Mturuki. Naye alipoteza kazi humohumo. Aliyeandika sheria ya kodi iliyowatenganisha wakazi si Mturuki. Chama kikikopa maelezo ya mpinzani wake, kinaweza kushinda uchaguzi, lakini kinakuwa kimeacha kazi ya kuwaelimisha wafuasi wake, na siku mpinzani atakapoongeza dau hakitakuwa na hoja ya kumjibu.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunatoa mafunzo manne.

Kwanza, usawa wa mshahara ni wa lazima lakini hautoshi. Vyama vya wafanyakazi vya Denmark viliusimamia, na ukazuia mabaya mengi. Lakini usawa usiofuatwa na lugha, ujuzi, makazi na sauti katika uongozi huisha siku kiwanda kinapofungwa.

Pili, dhana ya mtu wa muda ni dhana ya mwajiri. Sisi tuna kumbukumbu yetu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa mkoloni, wafanyakazi waliletwa kutoka Kigoma, Ufipa, Rwanda na Burundi, na wakaitwa manamba kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Nao pia walihesabiwa kuwa watu wa kuja na kurudi. Wengi hawakurudi; wamezikwa Tanga, na watoto wao ni watu wa Tanga.

Tatu, tusichukue kila tofauti ya mila kama chanzo, wala tusizikane tofauti hizo. Wapoland wa Lolland walikuwa tofauti, na tofauti ikapungua walipopata ardhi na kazi. Mila hukaza pale maisha yanapobana.

Nne, na hili ni la vyama vinavyotawala kwa jina la wakulima na wafanyakazi popote vilipo: mshikamano unaoishia mpakani huanza kuoza ndani pia. Leo huulizwa babu wa mtu alitoka wapi kabla ya kupewa nyumba. Kesho litaulizwa jambo jingine. Nchi yetu iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000, na jambo hilo ni la heshima. Lakini heshima hiyo haitoi kinga. Ardhi ikipungua na kazi zikiwa haba, nasi tutasikia sauti zikituambia kwamba adui ni jirani aliyefika jana. Kada aliyeisoma vema historia ya Waturuki wa Denmark atajua la kuuliza kwanza: ardhi iko kwa nani, kazi imekwenda wapi, na nani anafaidika tukigombana.